Bakuli la Mbwa Ambaye Hajaja

Shangazi mshauri, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana shimo nimelichimba mwenyewe. Watoto wetu wawili, wa kike miaka kumi na wa kiume minane, walitusumbua kutaka mbwa mpaka baba yao, fundi wa kuchomelea, akaweka bakuli tupu mlangoni mwa jikoni akasema, "Lijazeni maji kila asubuhi mwezi mzima, huyu mbwa asiyekuwepo asishinde na kiu, mkiweza nitawaletea aliyepo," nao wakaapa, wiki ya kwanza wakagombea zamu, ya pili usingizi ukanoga, na mimi ninayeamka mapema kukaa kwenye cherehani nikaliona bakuli limekauka, roho ikaniuma, nikatia maji nikisema leo tu, kesho yake leo tu tena, hadi mwezi ukaisha, na baba yao akipiga alama kwenye kalenda na kujisifu kazini kwamba ana watoto wa mfano. Mbwa ameshapatikana, analetwa Jumamosi hii. Jana binti yangu kaniambia, "Mama, akija usisahau maji yake, kama ulivyozoea." Wala hakuwa anatania. Nikakosa pa kuuficha uso. Nikisema, watoto watalia na mume wangu ataniona mwongo. Nikinyamaza, mbwa ni wangu. Nifanyeje?

Mimi, Mjaza Bakuli

Mjaza Bakuli, pole mwanangu. Ulifanya kwa huruma, na mimi nani nikucheke, niliyewahi kumalizia hesabu za mwanangu kwa mwandiko niliopinda ili ufanane na wake? Ila tuambizane ukweli: mtihani umeufanya wewe, umefaulu wewe. Binti yako hana utovu wa adabu, kasema alichofundishwa. Samaki mkunje angali mbichi, nawe umemkunja kuelekea kitandani.

Leo hii mwambie mumeo, mkiwa wawili. Atanuna, mwache anune, atapoa. Kisha wakalisheni watoto, na wewe uanze kwa kusema, "Mimi nilikosea." Mwenye mbwa mwombeni akae naye mwezi mmoja zaidi. Watalia, sawa, machozi ya mtoto hayajawahi kubomoa nyumba. Mwezi uhesabiwe upya, na mikono yako isitoke kwenye cherehani.

Kuna asubuhi utalikuta limekauka, na roho itakuuma tena, nakujua. Pita, mama. Waache wasahau sasa, maana bakuli halina kiu.