Ruta Iko Chumbani Kwangu

Jumanne, 4 Machi
Ruta mpya ya intaneti. Mpya wapi! Mwanangu ameinunua kwa kinyozi wa hapo chini, imetumika mpaka rangi imebanduka. Wameiweka kwangu kwa sababu waya unaingilia dirishani kwangu, basi. Paswedi hakuna anayeijua. Kinyozi alipigiwa simu, akataja jina la mkewe, la mama yake, hadi la timu yake. Yote yamekataa. Mkwe, mke wa mwanangu, alicheka mpaka akashika mbavu. Na mimi nikacheka — ikatoka ile sauti ya ng'ombe. Wakatazama pembeni.

Jumatano, 5 Machi
Fundi amekuja. Aliingiza pini kwenye kitundu cha nyuma, akabana, taa zikazima, zikarudi. Paswedi ya zamani imefutika. Kisha akanigeukia mimi — mimi! Mzee, tuweke neno gani? Tangu kiharusi kininyang'anye ulimi, hakuna aliyeniuliza kitu akangoja jibu. Nikaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinayumba kama walevi: kitinda. Ndivyo ninavyomwita binti yangu wa mwisho, aliye ng'ambo. Simu yangu haina laini, haina chaji. Mkwe ameichukua kuichaji. Ikirudi tu, nampigia ya video, anione!

Jumamosi, 8 Machi
Simu imerudi. Nikaandika kitinda. Imekataa. Tena. Imekataa. Na sebuleni katuni za mtandaoni zinapiga kelele! Mkwe alipokuja kubadilisha shuka nikamwandikia: paswedi? Akaigeuza karatasi huku na huku. Eti haisomeki.
Inasomeka!

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwandikia mwanangu. Yeye amesoma. Akasema nisijichoshe, mgonjwa na intaneti wapi na wapi. Hakunitazama usoni. Ruta iko hapa, naweza kuigusa kwa mkono. Inanikonyeza tu.

Alhamisi, 13 Machi
Leo nimejua kwa nini wamebadilisha paswedi.
Kitinda alimpigia mkwe, simu kwenye spika, na ukuta huu ni mwembamba. Anataka kuja kunichukua nikaishi naye. Mkwe, kwa sauti ya asali: Baba hatambui mtu tena, wifi yangu, ukija utaumia bure. Nikapiga ukuta kwa kiwiko. Nikapiga tena. Kitinda akauliza ni nini hicho. Eti jirani anapigilia misumari!
Simu ilipokatwa, mkwe alimwambia mumewe: mzee akienda kwa bintiye, na nyumba yake imekwenda naye. Mwanangu alikohoa.

Jumapili, 16 Machi
Kitinda amepiga tena asubuhi. Nikavuta waya wa ruta, wasimdanganye tena. Sauti yake ikakatika katikati ya neno. Mkwe akaingia, akauchomeka, akapiga mwenyewe, akanigeuzia simu. Haya wifi, mwone.
Uso wa binti yangu! Amekonda. Nikataka kumwita. Ukatoka ule mngurumo, na udenda juu. Nikapapasa kalamu — mkwe akaudaka mkono wangu, akaubusu, akaubana. Unaona, wifi?
Kitinda akasema basi, mwacheni apumzike. Alikuwa analia.

Jioni
Nimejaza ukurasa mzima, herufi kubwa: NAKUONA. NAKUJUA. NJOO. Nimeuficha chini ya mto.
Simu ya mkwe inaita sebuleni. Mkwe yuko bafuni, maji yanamwagika. Miguu inakuja huku — ya mwanangu.
Amesimama mlangoni. Simu iko mkononi mwake, bado inaita, picha ya Kitinda kiooni. Ananitazama. Nimeutoa ukurasa. Anausoma, midomo inacheza.
Hajapokea. Maji bafuni yamekoma. Kidole chake kinashuka kwenye kitufe cha kijani.