Kabati Yako Sasa Ni ya Manjano

Mpendwa wangu Mama Dafroza,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Dafroza alitaka kunishikia kalamu, nikamwambia barua ya mke wangu haiandikwi na sekretari. Kama herufi zinapanda mlima na kushuka, wewe unazijua, umezicheka tangu kwenu Bukavu. Na naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyogombania miaka yote. Kinyarwanda chako kilikuwa cha kununulia mboga tu.

Watu wa Gahanga wamemjia Dafroza. Walituma neno kwamba Jumapili wanakuja gufata irembo, yaani washike mlango wa nyumba yetu kwa posa kabla mwingine hajaushika. Na wewe kabla Mungu hajakuchukua ulimwahidi mtoto huyu kwamba akiolewa ataondoka na kabati yako. Uliyasema mbele ya dada yangu, kwa hiyo sina pa kukimbilia. Basi wageni walikuwa wanakuja kutazama viwili, binti na kabati, na kabati ilikuwa imechubuka kama goti la mtoto.

Nikasema nitaipaka rangi. Dafroza akaniomba nimwite fundi. Fundi wa nini? Mimi ndiye niliyepaka mistari ya uwanja wa ndege hapa Kanombe mpaka nikastaafu. Ndege inatoka Ubelgiji, iko huko mawinguni inatafuta mstari wangu, inauona, inashuka. Hakuna rubani aliyewahi kulalamika. Leo kabati ya miguu minne ndiyo initishe?

Unakumbuka ulivyokuwa ukiipaka ile kijani yako kila Noeli ikikaribia? Ulijifunga kitambaa kichwani, ukanifukuza nikakae uani. Kabla ya kuchovya burashi ulichana majani makavu ya mgomba, ukayapachika kwenye nyufa za milango pande zote. Mimi huko juani nikikutania kwamba kabati imevunjika mguu, unaifunga bandeji. Ukanijibu, "Wewe endelea na ndege zako." Hukunieleza, na mimi sikuuliza. Mwanamume haulizi mambo ya majani.

Basi nikatoa lile kopo la manjano nililopewa na shefu wangu wa kazi siku ya kuagana, rangi ile ile ya mistari. Nikapaka Jumamosi mchana, nikarudia, nikarudia tena, nene, sikuacha ufa hata mmoja. Majirani walikuja kutazama. Harufu ilifika mpaka kambini kwa wanajeshi. Iling'aa, mama, mtu aliyelewa angeweza kutua juu yake.

Jumapili asubuhi Dafroza akaenda kutoa glasi. Akavuta mlango, hakuna kitu. Akaweka mguu, akavuta kwa mikono miwili, kabati yote ikamfuata. Glasi ziko ndani, vikombe viko ndani, na zile sahani za maua ulizotukataza tusizilie. Rangi hiyo imetengenezwa ikanyagwe na magurudumu ya ndege, mlango wa mbao utaifanya nini? Mtoto akauachia mlango.

"Baba," akasema, "uwanja wa ndege hauna milango."

Ndipo akanieleza kazi ya yale majani yako: kuzuia rangi isigandishe milango. Nikamwambia nilikuwa najua.

Unajua tangu vita vianze kule kaskazini barabara zina vizuizi, kila mtu anaonyesha kitambulisho, wageni wanachelewa. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nimevishukuru. Nilipata nafasi ya kujaribu kisu, maji ya moto na matusi madogo. Mtoto alikaa tu pembeni.

Wakafika: baba yake kijana na fimbo yake, shangazi mmoja mwenye mdomo, na kijana mwenyewe, Emanweli, mpole mpaka unamshuku. Walileta mtungi wa pombe ya ndizi. Shangazi akaisifu rangi, akauliza mbona hakuna anayeleta glasi. Nikamwambia siku hizi hapa Kanombe kabati za wakubwa ni za kutazamwa, hazifunguliwi.

"Ee Muzehe," akasema, "na pombe yetu nayo tuitazame?"

Walicheka mpaka fimbo ya yule mzee ikaanguka. Nikapandwa na hasira. Nikatangaza kwamba anayemtaka binti yangu afungue kabati ya mama yake, bila kuvunja na bila kukwaruza rangi yangu. Nakuambia wewe peke yako: niliwaza kwamba akishindwa, mtoto anabaki na kabati inabaki.

Emanweli akavua koti. Mlango hakuugusa. Akaivuta kabati kutoka ukutani, akaingia nyuma yake, akabandua ile mbao nyembamba ya mgongoni kwa mpini wa kijiko. Glasi zikaanza kutoka, mkono wake ukimpa Dafroza. Sijui nani alimnong'oneza. Dafroza alikuwa anatazama dari.

Nikasema hapana. Nyumba ya mtu haiingiwi kwa nyuma, na anayeingia hivyo hapewi mke.  Baba yake kijana akaokota fimbo, akasimama.

"Baba," Dafroza akasema taratibu, "kila ulipopoteza ufunguo wa kabati, mama alipita huko huko. Miaka yote."

Mama Dafroza. Na wewe uliniambia una ufunguo wa pili.

Nilicheka mimi wa kwanza, nikacheka mpaka machozi, na hayo machozi yalijiendea njia yao. Nikamshika mzee mkono, nikamwambia akae, pombe haiachwi peke yake. Tukanywa. Nimewapa mtoto.

Harusi ni mvua zikikatika. Dafroza ameshaulizia kabati, nami nimemwambia neno la mama yake ni sheria: siku itakapofunguka kwa mbele, kama kabati za watu, aibebe. Mgongo nimeupigilia mwenyewe, misumari mirefu. Na kila Jumamosi akienda sokoni natoa kopo, natia rangi kidogo pale kwenye ufa wa milango. Bado lina nusu.

Pumzika, usinicheke sana.

Mume wako asiyehitaji fundi,
Baba Dafroza