Deni la Gaspard

Mjukuu wangu Nsimire,

Huku Kadutu tu wazima. Bibi yako amepata miwani na sasa anajisomea barua zako. Unauliza kwa nini benki ya huko inakunyima mkopo kwa ajili ya deni la simu la zamani, ulilokwisha kulisahau.

Ujanani nilikopa mlango kwenye duka la mbao, nikiandikwa Gaspard. Serikali ya Zaïre ilipotuamuru kuacha majina ya ubatizo na kuitana citoyen, yaani mwananchi, nikawa Murhula, nikajiaminisha kwamba Gaspard ameondoka na deni lake. Miaka minne baadaye mama alifariki, nikarudi kukopa mbao za jeneza. Mwenye duka alifungua daftari: kando ya jina la zamani alikuwa ameandika jipya.

"Citoyen, Gaspard naye alikufa? Leo tunazika watu wawili?"

Nililipa papo hapo kwa michango yote ya msiba, nikamwomba afute.

"Nitaandika: amelipa, amechelewa miaka ine. Kufuta, hapana. Na mbao, hapana."

Nikaenda kuung'oa ule mlango. Mama alizikwa juu yake.

Lipa sasa, Nsimire, kabla hujahitaji kitu kisichoweza kungoja.

Babu yako,
Gaspard Murhula