Gogo Lililoziba Mlango Wangu

KITUO CHA POLISI, SUMBAWANGA MJINI
MAELEZO YA SHAHIDI

Tarehe: 17/8/1993, saa 4:15 asubuhi
Shauri: Kuharibu mali, gogo la mninga, kijiji cha Kate, Wilaya ya Nkasi
Mlalamikaji: Evaristi Gabriel, mfanyabiashara wa mbao, Chanji
Mtuhumiwa: Maganga Shija, mpasua mbao, yuko mahabusu

Jina la shahidi: Avelina Leonsi. Umri: miaka 22. Kabila: Mfipa. Dini: Mkatoliki. Elimu: darasa la saba. Kazi: mkulima. Makazi: Kate.

Mimi ndiye Avelina niliyetajwa hapo juu. Nimeolewa na Fabiani Wilibrodi. Tuna mtoto mmoja, Yonas, wa miezi minane, ambaye ninaye mgongoni sasa hivi. Sikuitwa na polisi. Nimekuja mwenyewe kwa sababu nimesikia Maganga amefungiwa hapa, na nilikuwepo jambo lilipotokea.

Mnamo tarehe 14/8/1993, siku ya Jumamosi, saa mbili asubuhi, Evaristi alifika kwetu na lori pamoja na Maganga. Walikuja kuangusha mninga uliokuwa uani kwetu upande wa mbele. Mume wangu alikuwa amekwisha kumuuzia Evaristi. Tangu masharti ya biashara yalegezwe wanunuzi wa mbao wanapita sana kwetu, na Evaristi alimwahidi mume wangu kumfanya wakala wake hapo Kate. Maganga anatumia msumeno wa petroli, ule tunaouita chenso. Niliwachemshia chai wote wakanywa.

Mume wangu aliniambia niingie ndani na mtoto kwa sababu ya vumbi, kwamba mti utaangukia shambani kwenye mabua ya ulezi. Kamba ya kuuvuta aliifunga yeye. Maganga alimwambia upepo umebadilika, wangoje kidogo. Evaristi akasema lori lina safari nyingine. Muda huo nilikuwa dirishani, niliwasikia.

Saa tatu na nusu mti ulianguka. Nimejua saa kwa redio, ilikuwa imewashwa. Haukwenda shambani. Ulilala mbele ya nyumba, ukabomoa baraza, na gogo likapanda juu ya matofali yaliyobomoka likaegemea mlango wetu. Nyumba ina mlango huo mmoja. Mlango unafungukia ndani, kwa hiyo niliuvuta nikaona magome tu. Kwa juu ilibaki nafasi ya kupitisha mkono, kichwa hakipiti.

Maganga alipita kwanza dirishani kuuliza kama tuko wazima. Nikamwambia tuko wazima. Akarudi kwa wenzake, nikamsikia akisema atakata gogo mara mbili, kushoto na kulia kwa mlango, wavingirishe kipande cha katikati, na kwa nusu saa nitakuwa nje. Evaristi alikataa. Alisema mbao hizo ni za boti ya mtu wa Kasanga, zinatakiwa futi ishirini na mbili bila kiungo. Alisema, "Gogo la boti ukilikata linakuwa kuni."

Niliomba wavunje ukuta chini ya dirisha. Madirisha yetu ni madogo na yana nondo zilizozamishwa kwenye saruji. Mume wangu alisema ukuta hauguswi, utaleta ufa mpaka juu, nyumba ameijenga miaka minne. Ni kweli, ameijenga miaka minne. Matofali yake nilibeba mimi pia, nikiwa na mimba. Akanisogelea dirishani akasema, "Tulia, mama Yonas. Watapasua hapo hapo lilipo, likipungua uzito tutalisukuma." Nikamuuliza mpaka saa ngapi. Akasema saa moja tu.

Evaristi akaja nyuma yake, akacheka. Alisema, "Shemeji, pumzika. Ni mwanamke gani wa Ufipa anayepewa siku nzima ya kukaa ndani?" Mume wangu naye alicheka. Mimi nilikaa kitandani nikamnyonyesha mtoto.

Walipiga mstari kwa kamba iliyopakwa unga mweusi wa betri za redio, kama wanavyofanya siku zote, Maganga akaanza kupasua kwa urefu. Kwanza alitoa mabanzi ya nje, kisha mbao moja moja. Kila mbao ilichukua muda mrefu, maana mninga ule ulikuwa mkavu kwa ndani na mnyororo ulikuwa unaisha makali, anasimama anaunoa kwa tupa. Moshi na unga wa mbao uliingia ndani kwa ile nafasi ya juu ya mlango. Niliziba kwa khanga, ukapita. Mtoto alianza kukohoa.

Ile saa moja ilipita. Saa sita mchana mtoto alikuwa wa moto. Nilikuwa na klorokwini, nikaiponda kidogo nikampa, akatapika. Nikampa tena, akatapika. Nilimwita mume wangu nikamwambia mtoto anaumwa. Alisema ni moshi tu, utaisha. Nilimwambia siyo moshi. Akasema, "Usinitie aibu mbele ya mgeni."

Saa saba petroli iliisha. Evaristi alimtuma dereva kwenda kutafuta. Kwa karibu saa nzima chenso ilikuwa kimya na gogo liko pale pale. Muda huo alifika jirani yangu Kabula, wao ni wafugaji waliohamia kutoka usukumani. Alinipitishia maji dirishani na akamgusa mtoto paji la uso. Tulijaribu kumpitisha Yonas kati ya nondo. Miguu ilipita, kiuno kikapita, kichwa kilikataa. Alilia sana tulipomrudisha. Kabula aliwaambia wanaume wavunje ukuta. Mume wangu akamjibu kwamba yeye anaishi nyumba ya udongo, hajui gharama ya tofali la kuchoma.

Petroli ililetwa, wakaendelea. Saa tisa kasoro Yonas alishikwa na degedege. Aligeuza macho juu, akakakamaa. Nilipiga kelele, chenso ikanizidi, hakuna aliyesikia. Nilichukua sufuria nikagonga mlango mpaka Maganga akazima mashine.

Kuanzia hapa naomba paandikwe kama nilivyosema, kwa sababu ndipo penye shauri.

Nilipanda kwenye kinu nikaongea kwa ile nafasi ya juu. Nilisema, "Maganga, kata gogo."

Alisema, "Mama, mwenye gogo amekataza."

Nikasema, "Mwenye mtoto ni mimi. Kata."

Evaristi alimwambia akikata atalilipa, au atamfunga. Maganga akamgeukia mume wangu. Akamuuliza, "Baba Yonas, wewe unasemaje?"

Mume wangu alisema, "Zimebaki mbao mbili tu."

Nilimsikia kwa masikio yangu. Hakuwa mbali, alikuwa ameshika kamba ya kupigia mstari.

Maganga aliwasha mashine akakata gogo kwa upana, kushoto na kulia. Evaristi alimshika shati, likachanika, hakuacha kukata. Maganga na Kabula walivingirisha kipande cha katikati kwa nguzo ya baraza. Nilitoka saa tisa na dakika ishirini. Nilikimbia na mtoto mpaka zahanati, Kabula akiwa nyuma yangu. Mtoto alichomwa sindano, akalazwa siku mbili. Yu hai. Mkono wake wa kulia bado haushiki kitu vizuri, muuguzi amesema tungoje tuone.

Nimeelezwa kwamba Evaristi amesema Maganga alikuwa amelewa. Maganga alikunywa chai yangu tu. Nimeelezwa pia kwamba mume wangu ameandikisha kuwa mtoto alikuwa na mafua na hakukuwa na haraka. Jana usiku yeye na kaka zake waliniketisha wakaniambia niseme hivyo hivyo, kwamba Maganga ni Msukuma, mtu wa kuja, atahama na ng'ombe wa ndugu zake, lakini mimi nitabaki Kate na nyumba ni hiyo hiyo. Mume wangu simchukii. Ni baba wa mtoto wangu, na jana kutwa nzima alimbeba. Lakini nilichokiona nimekiona.

Niliyoyajua nimeyasema yote. Nimesomewa maelezo haya. Naomba sehemu moja irekebishwe. Pameandikwa "nilimwomba akate". Sikumwomba. Nilimwamuru.

Sahihi: Avelina Leonsi

Maelezo ya mpokeaji: Nimerekebisha kama shahidi alivyotaka. Nilimwonya kwamba kwa neno hilo na yeye anaweza kuunganishwa kwenye shauri la kuharibu mali. Alisema ameelewa. Nilimuuliza kama angependa kwanza kuzungumza na mume wake, ambaye amefika na yuko nje kwenye benchi. Alisema hapana, akaomba kalamu, akasaini kila ukurasa.

Koplo Adolfu, 17/8/1993, saa 6:05 mchana