Nilimzika Hadubini kwa Mdomo

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimevunja rekodi yangu mwenyewe. Ujumbe wangu wa sauti wa asubuhi – kile kichekesho cha baharia aliyesahau jina la mkewe – umechekwa na watu thelathini na mmoja kabla sijamaliza kufungua duka. Kundi zima la wenzetu wa shule lina watu arobaini na watatu. Hao kumi na mmoja waliobaki, ukinitoa mimi, labda hawana bando, au hawana meno.

Kiranja, ambaye zamani alikuwa kiranja wetu na sasa ni karani wa mahakama na admini wa kundi, ameandika kwamba bila Redio kundi hili lingeshakuwa makaburi. Redio ni mimi. Tangu shule. Miaka thelathini na minne wananiita hivyo na betri haijaisha.

Friji mbili zimetengenezwa. Moja gesi, moja kompresa. Kundini mimi ni mhandisi wa mitambo ya baridi. Sijadanganya sana – si mitambo? Si ya baridi? Na meli nimepanda kweli, miaka miwili kwenye vyumba vya barafu, bandari nimeziona nyingi kuliko idadi ya viatu vyao.

Saa nane nimeona jambo la kusikitisha. Hadubini, mwenzetu wa bweni, kabadilisha picha ya profaili. Mshumaa, kitambaa cheusi, na kapicha kadogo pembeni. Kwetu hiyo ina maana moja tu. Tumeshazika wanne tangu kundi lianze, na kila mara ni vilevile: watoto wanashika simu ya marehemu, wanaweka mshumaa, ndipo sisi tunajua. Masikini Hadubini! Mtu mpole. Kazi yake kufua mashuka ya hospitali, kundini haongei, akiandika sana ni "nipo" na "asante".

Kutangaza misiba ni kazi yangu, wote wanajua. Nikaona nikichelewa Kiranja ataniwahi na lile tangazo lake kavu kama hati ya mashtaka. Dakika kumi tu, tanzia tayari. Ndefu, tamu. Nikaweka na kisa cha hadubini ya shule iliyompa jina, maana msiba bila kicheko si msiba wa wanafunzi. Nimemalizia hivi: "Alituibia hadubini, akatuachia kicheko. Lala salama mwizi wetu mpendwa."

Wamelia, wamecheka. Poleni arobaini. Mwenyewe nimelia kidogo juu ya friji ya mteja.


Jumanne, 5 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi saa moja na robo Hadubini ameandika kundini. Hadubini mwenyewe!

"Mimi nipo. Aliyefariki ni mke wangu. Tulimzika Jumamosi. Asanteni kwa maneno yenu."

Basi. Hakuna tusi. Hakuna alama ya hasira. Afadhali angenitukana mpaka babu yangu.

Nimevaa miwani nikaikuza ile picha. Kweli, pembeni ni mwanamke. Mama mnene kidogo, anacheka, kashika ufunguo mkononi. Sikumwangalia hata. Nilikuwa na haraka ya kuwa wa kwanza.

Nimejaribu kufuta tanzia. Muda umepita, haifutiki kwa wengine, inafutika kwangu tu. Yaani dunia nzima ibaki nayo isipokuwa mimi.

Kiranja amepiga. Hakunisalimia. Ameniuliza kama nina akili za kunywea uji. Kisha akasema jambo lililonichoma zaidi: watoto wa Hadubini ndio walioshika ile simu wiki nzima, wakimjibia baba yao salamu za rambirambi. Wao ndio waliosoma kwanza.

Wamesoma kwamba baba yao amekufa, naye yuko chumba cha pili. Halafu wamesoma kwamba ni mwizi.

Nimefunga duka saa nne. Mke wangu kauliza naumwa nini. Nimesema tumbo.


Jumatano, 6 Machi

Daftari hili halisomwi na mtu. Mke wangu anadhani ni la vipuri. Basi ngoja.

Hadubini hakuiba hadubini.

Nimeandika. Mkono haujakatika.

Tulikuwa kidato cha tatu. Shule ilikuwa na hadubini moja tu, ya shaba, inalala kwenye kabati la maabara kama mtoto wa mfalme. Wiki ile zamu ya kufagia maabara ilikuwa yangu. Jumamosi nikaichukua, nikaifunga kwenye shuka, nikaipeleka bwenini. Si kwa wizi! Nilitaka kuwaonyesha wenzangu kunguni mkubwa kama ng'ombe. Nilishawaahidi. Nilishajisifu mno kiasi cha kushindwa kurudi nyuma. Nikapanda nayo kitandani kwangu juu, nikiwa peke yangu, kuijaribu kwanza. Ikaniponyoka. Sakafu ya saruji. Kioo kikapasuka kwa sauti ndogo tu, kama mtu amevunja kijiti.

Nikasikia kengele. Mwalimu wa zamu anakuja kukagua masanduku, bweni kwa bweni.

Kitanda cha chini yangu kilikuwa cha Hadubini. Sanduku lake halikuwa na kufuli. Bweni zima, ni yeye peke yake asiye na kufuli. Alisema, nani ataniibia nguo zilizochanika. Hakufikiria kwamba kuna mtu anaweza kumwekea.

Alipoulizwa alisema "Si mimi" mara moja. Hakurudia. Mimi nikiwa kinywa cha bweni zima, Redio, nikakosa mawimbi.

Jumatatu alifukuzwa. Nilimkimbilia getini nikavua viatu vyangu nikampa, maana vyake vilikuwa vimefunguka mbele. Akanikumbatia. Akasema sitakusahau. Kisha mimi nikarudi darasani peku. Na hicho kisa cha viatu – Mungu anisamehe – nimekisimulia miaka yote. Melini, vijiweni, kwa wakwe. Mke wangu nilimposa na kisa hicho. Kinawaliza watu. Sehemu ya sanduku huwa naiacha.

Na jina? Jina nimempa mimi. Wiki mbili baadaye, bwalo la chakula, watu wamenuna. Nikasema: "Nani amemwona Hadubini?" Wakacheka. Nikacheka kuliko wote.

Hata namba yake kwenye simu yangu imeandikwa hivyo. Nimejaribu kuibadilisha niandike jina lake. Nimekaa dakika nzima. Jina la kwanza nimelikumbuka. La baba yake silijui.


Alhamisi, 7 Machi

Namba ngeni imepiga nikiwa nachomelea bomba la shaba. Binti yake mkubwa. Sauti ya utaratibu, sauti ya mtu aliyezoea kuhudumia wazee. Ameniamkia, "Shikamoo baba mdogo". Nikamwambia pole kwa msiba, mwanangu. Nikaanza kuomba radhi kwa tanzia, nikatia na utani kidogo. Hakucheka.

Ameeleza kwamba baba yao aliwaambia aliacha shule kumuuguza mama yake. Ndivyo walivyokua wakijua. Ndivyo hata mama yao marehemu alivyojua. Sasa wadogo zake wamesoma kundini kwamba alifukuzwa kwa wizi, na mdogo wao wa mwisho ametoka nyumbani tangu Jumanne, yuko kwa shangazi, hataki kumwona baba. Anasema kama alidanganya hili, kadanganya mangapi.

"Baba alisema wewe ndiye uliyempa viatu," binti akaniambia. "Alisema katika shule nzima alikuwa na rafiki mmoja. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Aliiba?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno moja. Herufi sita tu: hapana.

Nikasema: mwanangu, mambo ya zamani hayo, sote tulikuwa watoto.

Kisha akasema, "Nimeelewa. Asante baba mdogo."

Ameelewa nini? Ameelewa ndiyo! Nimemzika baba yake mara ya pili, na safari hii akiwa hai kabisa na mimi nikiwa na miwani.

Bomba nimelitoboa. Gesi yote imetoka.


Ijumaa, 8 Machi

Kiranja ameamua: Jumapili ujumbe wa watu watano kwenda kuhani. Msemaji ni mimi. Nikamwambia nina homa. Akasema, ulimzika kwa mdomo, utamfufua kwa mdomo huohuo.

Kundini wameanza kutania tena. Mmoja kaandika, "Redio, leo unamzika nani?" Alama za kicheko ishirini na mbili. Zamani ningejibu kwa sekunde tatu.


Jumamosi, 9 Machi

Sikufungua duka. Nimekaa ndani ya duka lililofungwa, nimezungukwa na friji mbovu saba.

Mchana nimejaribu kumwambia mke wangu. Nilianza vizuri: unamkumbuka yule niliyempa viatu? Akaweka kisu chini, uso ukalainika. Akasema, "Baba watoto, mdomo wako umenikera miaka ishirini na sita. Nikitaka kukuchoka nakumbuka vile viatu."

Nikasema, basi, ndiye tunayekwenda kumhani kesho.

Akanipigia pasi shati jeupe.

Na jambo jingine, maana leo ni siku ya kutoa taka zote. Mimi nami sikumaliza shule. Kundi zima linadhani nilihama nikamalizia kwingine. Nilitoroka kidato cha nne, miezi miwili kabla ya mtihani, nikafuata meli. Hadubini alitolewa darasani akililia. Mimi niliyebaki nafasini nikaiacha tupu, kwa kuchoka tu.

Nimeandika hotuba mbili. Ya kwanza tamu. Ya pili ina sentensi moja.


Jumapili, 10 Machi

Naandika nikiwa chooni kwa Hadubini. Ndoo nyekundu, kipande cha sabuni, kandambili za kike zimepangwa ukutani, hakuna aliyezigusa. Daftari lilikuwa mfukoni mwa koti.

Tumefika saa tisa. Nyumba ndogo, mashuka meupe yamefunika viti, yamepigwa pasi mpaka yanakata. Nilidhani atanipa mkono wa baridi. Amenikumbatia getini! Amekonda, mvi tupu, ananukia sabuni. Akaniambia sikioni, "Umenifufua ndugu yangu, wiki nzima sikucheka, niliposoma kwamba nimekufa nikacheka." Kisha akalia begani kwangu, shati la pasi lote likalowa.

Ndani wako watoto wake watatu. Hata yule wa mwisho. Dada yake kamleta kwa nguvu, kakaa karibu na mlango, hajavua kofia. Hadubini akasimama akanitambulisha. Si kwa uhandisi. Akasema, "Wanangu, huyu ndiye wa viatu." Akasema alivivaa miaka mitatu, vilipokwisha soli akavifanya vya kuendea bafuni. Wenzangu wa ujumbe wakaniangalia kwa heshima. Kiranja akanipiga begani.

Kiranja akasema sasa msemaji wetu. Nikasimama. Hotuba tamu mfuko wa kulia. Kabla sijafungua kinywa, binti mkubwa kaomba radhi kwa wazee. Akasema kabla ya rambirambi, kama baba mdogo hatajali, asimulie kwanza kile kisa cha hadubini. Kisimuliwe hapa, wote wasikie kutoka kwa mtu aliyekuwepo, kisha kiishe. Amechoka kuona ndugu zake wanalizana kwenye simu.

Hakusema kwa ubaya. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia daktari.

Hadubini akainamisha macho. Akasema, "Mwache mgeni anywe maji kwanza."

Nikaomba choo.

Kiranja ameshagonga mara moja. Kauliza kama nimeharisha. Nimesema natoka sasa hivi.

Ukuta huu ni mwembamba. Nawasikia. Yule wa mwisho anasema, mmeona? Hata rafiki yake hawezi kukisema, anakimbia. Dada yake anamwambia apunguze sauti.

Sasa anaongea Hadubini. Polepole. Nanakili maneno kama yanavyokuja:

"Ilikutwa kwenye sanduku langu. Hilo kweli. Nilifukuzwa. Hilo nalo kweli, niliwaficha kwa aibu, na mama yenu nilimficha. Aliyeiweka simjui. Niliuliza miaka mingi moyoni, nikaacha."

Yule wa mwisho anamjibu: "Kwa hiyo ilijiweka yenyewe?"

Mmoja wa wenzetu kacheka. Kicheko kifupi, kile cha bwaloni. Ninakijua, mimi ndiye niliyekifundisha.

Kiti kimelia, kama mtu anayesimama ili aondoke. Dada mtu anasema kaa. Kasema tena, kaa.

Hotuba tamu nimeitumbukiza. Maji hayakuipeleka, inaelea; imebaki ile ya sentensi moja.

Komeo la mlango huu ni gumu, linataka mikono miwili. Naandika kwa wa kulia, wa kushoto umeshalishi–