Nimesema Ni Mgeni Wangu

Jumanne. Mvua imekatika na mpunga umeanza kuiva.

Asubuhi filimbi ya ulinzi shirikishi imelia upande wa mashambani. Hapa Mtawanya filimbi ikilia, kila mtu hutoka na alichonacho. Mimi nimetoka na mwiko.

Walimkuta kijana amelala kwenye dungu, kile kibanda cha juu tunachokaa kuamia ndege wasimalize mpunga. Hakuna anayemjua. Siku hizi kwetu mgeni halazwi kabla hajapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi. Huyu kapanda zake akalala kama yuko kwao. Miaka ile ya mauaji, viongozi wetu wa vijiji walipokuwa wakipigwa risasi, ilisemekana wauaji walijificha kwenye madungu hayo hayo.

Nilipofika, mkono wake ulikuwa umeshavunjwa. Rungu likamtua mgongoni, kisha mdomoni, akatema meno na damu. Alisema kwa lafudhi ya bara kwamba anatafuta kibarua cha kuamia ndege. Hakuna aliyemsikiliza.

Mwenye rungu ni Shomari, mdogo wa marehemu mume wangu. Mume wangu alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, wauaji wale wakampiga risasi mlangoni kwetu. Shomari ndiye aliyemwosha. Namwelewa, na leo nimemchukia.

Mtu mmoja akasema tuwaite polisi. Watu wakatazama chini. Kaka yangu alichukuliwa na wenye bunduki waliosema ni wa serikali, eti kwa mahojiano tu. Mpaka leo mama hajui amsomee hitima au amsubiri. Alikamatwa ugenini, na huko hakuna hata mmoja aliyesema anamfahamu.

Rungu lilipoinuka juu ya kichwa cha yule kijana, nikasikia sauti yangu.

"Shomari, muache. Huyu mgeni wangu."

Uongo mtupu.

Alinitazama mpaka nikaona haya. "Sawa, shemeji. Kikitokea kitu, tunaanzia kwako."

Nimemfunga kijana mkono kwa kanga. Sasa amelala ukumbini, anaguna usingizini. Watoto nimewapeleka kwa bibi yao. Nimemwokoa kwa ajili ya kaka, halafu nimekaa nikakumbuka kuwa mume wangu naye alimfungulia mlango mtu asiyemjua.

Panga nimeliweka miguuni pangu, na uji uko jikoni. Akiamka nimpe uji kwanza, au kwanza nimuulize yeye ni nani?