Kitabu Kilichomtaja Baba

Marina di Sant'Orsola,
Calabria.
19 Juni, 1994.

Mpendwa Dada Immacolata,

Pokea salamu zangu za upendo kutoka huku nyumbani. Hujambo wewe, na shemeji Dieter, na watoto? Mgongo wako umepata nafuu, au baridi ya Ujerumani bado inakutesa? Sisi wazima wa mwili. Juzi tumemaliza kuchuma ndimu, na bahari imeanza kuwa vuguvugu.

Tumefurahi mno kusikia mnakuja Agosti. Uliniomba nikuchagulie kitabu cha mwongozo wa pwani yetu, cha Kijerumani, ili shemeji na watoto wajisomee wenyewe. Uliandika, “Chagua wewe uliye hapo, unayejua kipi kinasema kweli.” Maneno hayo yananichoma hadi sasa.

Nilikwenda mjini, kwenye duka la vitabu la Bi Ninfa. Alikuwa navyo viwili. Kimoja chembamba, picha tupu. Humo kila ufuo ni pepo na kila mgahawa ni mtamu. Kingine kinene, na nilipokifungua nilikiamini papo hapo. Kimesema ngazi za kushuka ufukweni zinateleza. Kimesema basi la jioni huwa halitokei. Nikajisemea, hiki ndicho cha shemeji.

Kisha nikafika ukurasa wa kijiji chetu. Nilifanya kazi hotelini Stuttgart miaka minne, Kijerumani nakisoma bila shida. Kiliandika hivi: “Kwa Gesualdo, pita zako. Supu ya samaki huja baridi, na mwenye mgahawa huwafokea wageni.”

Dada, ni mgahawa wa Baba, baba yako mdogo! Nilihisi kama duka zima linanitazama. Nilikirudisha rafuni, nikanunua kile chembamba.

Lakini Bi Ninfa alikuwa ameliona jina. Kijerumani hajui hata neno moja. Alidhani ni sifa. Alipokutana na Baba sokoni akampa hongera. Baba akaenda mbio kukinunua, na kabla sijajua lolote akatuma niitwe kwenye baa ya Saverio. Nikakuta watu wamejaa, yeye kakikumbatia kitabu kama mtoto mchanga.

“Haya, Rosalba, wasomee hawa,” akasema. “Saverio hapa anabisha.”

“Sibishi, Gesualdo,” Saverio akajibu. “Nauliza tu, Wajerumani wamekufa njaa kiasi gani hadi wakusifu wewe?”

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, jambo ambalo sijaliona tangu tumzike Mama. Basi nikafungua mdomo, nikasoma: “Kwa Gesualdo, usipite bila kuingia. Samaki ni wa siku hiyo hiyo, na mwenyeji atakupokea kama ndugu.” Wakapiga makofi. Baba akawanunulia wote kahawa. Mimi yangu niliiacha mezani.

Nilidhani mambo yataishia hapo. Siku ya tatu narudi kutoka kanisani, naona watalii wamesimama mlangoni petu wanacheka hadi wameshikana mabega, mmoja anapiga picha. Baba yuko kizingitini na shati jeupe, anawapungia mkono: “Karibuni, karibuni!” Juu yake ametundika ubao. Alikuwa ameyanakili maneno yale ya Kijerumani, herufi moja moja, kwa rangi ya buluu. Hata nukta hakukosea.

Wale watu walipoondoka bila kuingia, akaniuliza, “Mbona wanafurahi halafu hawali?”

Nikamwambia. Sikuwa na njia nyingine, na sikuweza kumtazama.

Baba unamjua, nilingoja afoke. Hakufoka. Aliuteremsha ubao, akaugeuzia ukutani, akaketi kwenye ngazi na kitabu magotini.

“Nisomee sasa. Usiruke neno.”

Nikasoma. Alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu.

“Supu ilikuwa baridi?”

“Siku nyingi, Baba.”

“Na ninafoka?”

“Tangu Mama aondoke.”

Akakichukua kitabu, akakifunga, akasema, “Walioandika hawanijui, wala mimi siwajui. Wana haki yao. Lakini wewe ulijua, ukaniacha ninunue kahawa.” Akainuka, akaingia jikoni, akawa anasugua sufuria ambazo tayari zilikuwa safi.

Tangu siku hiyo hajakanyaga baa. Saverio alikuja kumwita, akajibiwa kupitia dirishani kwamba ana kazi. Jijini kwenu huenda ni jambo dogo, hapa tunakutana wote kwenye njia moja, na nikipita watoto wanasema “karibuni, karibuni.” Hayo nayavumilia. Nisichoweza ni kwamba mezani Baba ananiambia “asante” kama mgeni.

Jana nilimwonyesha kile chembamba, nikamwambia ndicho ninachokutumia. Akakisukuma kando.

“Mpelekee kile kinene. Waambie waje, wale, na ikiwa chakula kibaya waniambie usoni.”

Basi nimekituma, kimo ndani ya kifurushi hiki, na ukurasa wetu sikuuchana. Nakuomba, dada yangu, mkifika na supu ikija baridi, mwambie baba yako mdogo pale pale mezani. Katika nyumba hii hakuna aliyethubutu, na mimi binti yake niliyethubutu kusoma, nilisoma uongo.

Nisalimie sana shemeji Dieter, uwabusu Annelie na Matteo. Shangazi Carmelina anakusalimu, anaomba umletee ile dawa ya kuchua miguu. Mungu awafungulie njia, awafikishe salama.

Mdogo wako anayekupenda, ingawa kwa uso ulioinama,

Rosalba